Anza na Asiyekuwepo

Omena haingoji mtu. Samaki wengine utawabanika, utawatia chumvi, watakungoja mpaka kesho. Lakini omena ikitoka ziwani alfajiri, jua la siku hiyo hiyo liikaushe mpaka ilie chakacha mkononi, ama sivyo inanuka, na ikishanuka imekuwa chakula cha kuku. Mvua ikiipiga ingali mbichi, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo akina mama wa ufuo wa Nyandago, mwendo mfupi kutoka Asembo Bay, walikuwa na kanuni yao ambayo hakuna aliyepata kuiandika mahali. Wingu likitanda, aliyeko kwenye uwanja wa kuanikia huokota omena ya wote, na huanza na ya asiyekuwepo. Aliyepo ana mikono yake. Asiyekuwepo ana nani?

Aliyezoea kuwafundisha wageni kanuni hiyo ni Dorca. Watu walimwita Mama Oduor, kwa jina la kifungua mimba wake aliyekuwa akifanya kazi Kisumu na kuishi mtaa wa huko wa Kaloleni. Alikuwa mwanamke mfupi, shingo nene, na sauti ambayo kanisani iliwafunika wenzake wote kwenye kwaya. Mahali pake pa kuanikia palikuwa upande wa juu wa uwanja, penye nyasi fupi zilizoshikana kama zulia, na alikuwa ameweka jiwe jeupe la alama ambalo hata mbuzi walilijua.

Nasipwondi alipokuja kutoka Bunyala kumfuata mumewe, Wakhisi, aliyekuwa mvuvi katika mtumbwi wa Mzee Zadock, ni Dorca aliyemshika mkono. Alimwonyesha jinsi ya kutandaza neti kuukuu chini ili omena isishike mchanga. Alimwonyesha jinsi ya kuigeuza kwa mgongo wa kiganja, taratibu, isivunjike vichwa, na jinsi ya kuwatupia yangeyange kokoto bila kuwapiga watoto. Siku ya kwanza manyunyu yalipoanza, yule binti alirukia neti yake mwenyewe. Dorca akamvuta kwa mkono wa gauni.

"Unaikimbilia yako ya nini? Wewe si uko hapa? Anza na asiyekuwepo!"

"Na yangu ikinyeshewa, Mama?"

"Basi mwenyewe akirudi atajua ulivyomfanyia. Si atakulisha?"

Wakacheka huku wameinama, wakikusanya omena ya mtu aliyekuwa amekwenda kliniki. Ulikuwa urafiki mzuri ule. Nasipwondi akipika mrenda kwa magadi kama kwao, bakuli lilipita kwa Dorca. Dorca akitoka Kisumu kumwona mwanawe, hakukosa kumletea sabuni ya kipande.

Kisha lori likaja.

Ni mwaka wa themanini na tisa, wakati mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, walikuwa wakitafutwa kama dhahabu na viwanda vya minofu vya mjini. Tajiri mmoja alitaka mahali pa kujenga banda la mizani, na lori lake la barafu lilitaka mahali pa kugeuzia. Wazee wa ufuo wakiongozwa na Zadock wakamkatia sehemu ya uwanja. Haukupita muda, kokoto zikamwagwa juu ya nyasi, dizeli ikadondoka juu ya kokoto, na karibu nusu ya mahali pa kuanikia ikawa si ya kuanikia tena.

Akina mama walikwenda kwa Zadock wakiwa kundi. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi, akiziba ufa kwa pamba. Hakusimama.

"Hayo ni maendeleo, akina mama," alisema. "Miaka yote mmekula nyinyi na omena yenu. Sasa wacheni wanaume nao wale na mbuta."

Wanaume waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Wanawake wakarudi wakinung'unika, na mbele ya manung'uniko hayo alikuwa Dorca. Lakini nani angelisukuma lori? Lina honi, lina mwenyewe, na mwenyewe ana wazee. Hasira ikawa haina pa kwenda. Ikageuka ikarudi nyumbani, kama mbwa aliyefukuzwa sokoni.

Neti zikaanza kupandana. Leo jiwe la fulani limesogezwa, kesho neti ya fulani imekunjwa na kutupwa kando. Wanawake waliokuwa wakikopeshana chumvi wakawa wanakuja ufuoni kabla ya mitumbwi, giza halijatoka vizuri, kuwahi nyasi. Hatimaye wakakutana kwenye kibanda cha Dorca waamue.

"Mimi naongea ile kitu kila mtu anaogopa," akaanza Elsie, mwenzake Dorca wa miaka mingi, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake ulikuwa haujapata kulala njaa. "Mgeni akikukuta unakula, mtakula pamoja. Sawa. Lakini kitanda mtalala pamoja?"

Wakacheka.

"Huu udongo una wenyewe," Elsie akaendelea. "Wenye udongo kwanza. Hao jamwa warudi kwao wakaanike Bunyala, kwani Bunyala hakuna jua?"

Jamwa ni mtu wa lugha nyingine. Kabla ya siku ile, neno hilo pale lilitamkwa kwa utani tu. Nasipwondi alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinua macho akamtazama Dorca, akingoja. Wote walikuwa wakimngoja Dorca.

Dorca alifikiria nyasi zake. Alijiuliza, nyasi zikigawanywa, atakayepunguziwa ni nani? Akasema walio wa pale wabaki kwenye nyasi, na waliokuja washuke kwenye kokoto, karibu na lori, mpaka mambo yatakapotengenea.

"Kwenye oili, Mama?" Nasipwondi aliuliza polepole.

Dorca alikuwa akitoa mwiba usiokuwepo kidoleni. "Tumeamua sote," alisema.

Basi ikawa hivyo. Na pamoja na uamuzi huo kitu kingine kikafa, bila mtu kukililia. Wingu likitanda, kila mmoja aliokota yake, akafunga gunia, akakaa juu yake. Wapo waliopoteza omena siku hizo, beseni hapa, karai pale, maana palipo na chuki mwizi hupata kivuli. Mkono wa mtu juu ya neti ya mwenzake ukawa na maana moja tu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Omena ilikuwa nyingi, jua lilikuwa kali, na Dorca aliona ana nafasi ya kupanda juu kusaga mahindi. Kwenye kinu cha posho alikuta foleni. Alipokuwa akiteremka, debe la unga kichwani, upepo ulimgeuza kanga. Akatazama upande wa Uyoma. Wingu lilikuwa limesimama pale, jeusi kama chungu cha jikoni, na chini yake ziwa limebadilika rangi.

Akatazama uwanja. Wengi walikuwa hawapo. Wengine walikuwa matangani, wengine kwenye mizani ya mbuta. Na juu ya nyasi zake, karibu na jiwe jeupe, mtu alikuwa ameinama. Alikuwa akizoa omena kwa mikono miwili, haraka haraka, akitia kwenye gunia, akigeuka geuka kutazama nyuma. Gauni lile la maua ya njano alilijua. Lilikuwa la Nasipwondi.

Hapo mtu angeweza kukumbuka. Angeweza kusema, lile ni wingu, na yule ni mtoto wangu niliyemfundisha. Dorca hakukumbuka. Kilichompanda kooni kilikuwa kimepikwa wiki nyingi. Akatua debe, akaweka kiganja mdomoni, akapiga nduru.

Nduru ya mwanamke kandokando ya ziwa haiulizwi mara mbili. Ikilia, mtu anaacha sufuria motoni. Watu walitoka kwenye mizani, kwenye vibanda, kwenye mitumbwi, na kasia mkononi. "Mwizi!" Dorca alikuwa akipaza sauti huku akishuka mbio. "Ananimaliza! Mwizi wa omena!"

Alipofika walikuwa wamekwisha kumshika. Kilemba kilikuwa kimevuliwa, na Elsie alikuwa ameikata neti ndogo ya Nasipwondi, akamvisha kichwani kama samaki aliyenaswa, akimzungusha.

"Tazameni mbuta kutoka Bunyala!" alipiga kelele. "Huyu hata mizani haihitaji!"

Watu walicheka. Mtu akamrushia beseni la maji ya magamba. Nasipwondi alijaribu kusema. Dorca aliiona midomo yake ikifanya neno "Mama," na mkono wake ukinyooka kutoka kwenye neti ukielekea vibandani. Elsie akaupiga mkono ule ukashuka. Wakhisi alikuja akisukuma watu, akaulizwa kama naye ana mgao wake katika wizi huo. Mzee Zadock akafika akihema, akaulizia mambo kwa maneno machache, akatoa hukumu palepale: mke na mume waondoke Nyandago kesho na mtumbwi wa kwanza, na Wakhisi asiguse kasia lake tena.

Kisha mvua ikaanguka, na kila mtu akakimbilia kwake.

Dorca alikimbilia kibandani kwake. Alisukuma mlango wa mabati akajikwaa. Chini, mahali pakavu kabisa, mbali na paa linalovuja, palikuwa na magunia yake. Yalikuwa yamejaa, midomo imefungwa kwa kamba ya katani, fundo lile la kuvuta mara moja alilolifundisha mwenyewe. Neti yake ndogo ilikuwa imekunjwa juu yake. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, na omena ikalia chakacha.

Iliyobaki uwanjani ilikuwa kidogo tu, ile Nasipwondi aliyokutwa akiizoa. Aligeuka geuka kutazama nyuma, kumbe alikuwa akilitazama wingu.

Dorca akasimama mlangoni. Kwa mbali, chini kwenye kokoto, neti ya Nasipwondi ilikuwa imetandazwa vilevile tangu asubuhi, haijaguswa. Mvua iliipiga. Omena ilielea, ikafuata mifereji ya magurudumu ya lori, ikachanganyika na mafuta, ikateremka kurudi ziwani ilikotoka.

Alikuwa ameanza na asiyekuwepo.

Dorca alikaa juu ya gunia, kwa kukosa pa kukaa. Moyo ulimwambia mengi. Ulimwambia, hukujua. Ukamwambia, wewe ungekuwa yeye ungeita mtu; kwa nini hakuita? Ukamwambia kwamba mvua ikikatika watu watasahau. Kila alilojiambia lilikuwa na nguvu mpaka harufu ya omena kavu ilipompanda puani, tamu, safi, harufu ya kazi ya mikono ya mtu. Alifunika uso kwa kanga ingawa kibandani hakukuwa na mwingine.

Jioni, mvua ilipopungua, alijaza beseni kubwa omena ile ile, akalifunika kwa kanga nzuri, akazunguka kwa njia ya nyuma ya vichaka, asionekane, mpaka kwenye chumba cha Wakhisi. Nasipwondi alikuwa akifunga godoro. Jicho moja lilikuwa limevimba.

"Nimekuletea," Dorca alisema. "Nimeona magunia, mwanangu. Nimeona."

Nasipwondi hakulipokea beseni. "Umepitia njia gani, Mama Oduor?"

Dorca akatazama pindo la gauni lake.

"Umepita nyuma. Gauni lako limejaa kishona-nguo." Hakuwa akigomba. Aliendelea kukaza kamba. "Umeniita mwizi mbele ya watu wote. Sasa unaniletea omena yako kwa siri, nilale nayo nyumbani. Wakija asubuhi kutukagua mizigo, watakuta nini?"

Dorca hakuwa amelifikiria hilo. Kweli kabisa, hakuwa amelifikiria. Beseni likawa zito mikononi.

"Nitawaambia nimekupa mimi."

"Utawaambia?" Nasipwondi alimtazama kwa lile jicho zima. "Basi kama unaweza kuwaambia hilo, waambie na lile lingine. Rudi na samaki wako, Mama."

Alirudi na beseni kichwani, kwa njia ile ile ya nyuma, akichukia kila hatua.

Kupambazuka kulikuwa kweupe, mbingu imeoshwa. Mitumbwi ilikuwa ikiingia na taa bado zinawaka, na wanawake walikuwa wamesimama majini hadi magotini na karai zao. Pembeni, Wakhisi na Nasipwondi walikuwa wameketi juu ya godoro lililofungwa, wakingoja mtumbwi. Watu waliwapita wakitazama kando.

Dorca alikuwa amepanga kwenda kwa Zadock kwanza, amweleze chini chini, mzee atangaze kwa busara zake. Alifika mpaka karibu naye. Zadock akamwambia, "Habari ya asubuhi, Mama Oduor, pole na mambo ya jana," kwa sauti ya upole sana, sauti ya mtu anayemheshimu mwenzake. Upole ule ukamchoma. Aliona wazi jinsi jambo litakavyokwenda: litakunjwa, litawekwa mahali, na mtumbwi utaondoka.

Akapanda kwenye nyasi, akasimama kando ya jiwe lake jeupe. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga nduru.

Wakaja. Jinsi walivyokuja jana, ndivyo walivyokuja leo, na makasia, na mapanga, Elsie mbele, karai bado mkononi.

"Nini? Nyoka?"

"Yuko wapi?"

"Mama Oduor, ni nani tena?"

Hapakuwa na kitu. Nyasi tu, na mwanamke mfupi kando ya jiwe.

"Jana niliwaita mkaja," Dorca alisema. Sauti ile ya kwaya ilimtoroka, akalazimika kuanza upya. "Jana niliwaita mkaja, nikawaambia uongo. Nasipwondi hakuiba. Aliiokota omena yangu akaiweka kwenye kibanda changu, kavu. Magunia yapo, nendeni mkayashike. Yake mwenyewe aliiacha, ikaenda na maji. Mimi ndiye niliyemfundisha afanye hivyo, na nilipomwona anafanya, nikapiga nduru."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Elsie alikuwa amelitazama karai lake kana kwamba kuna kitu ndani.

"Haya, haya," Zadock akaingilia kati. "Hayo ni mambo ya akina mama. Mngeyamaliza nyumbani."

"Mzee, mimi sikumwita mwizi nyumbani," Dorca akamjibu. "Nilimwita hapa. Na wewe, uwanja ulipokatwa, sisi tulikuja kwako tukashindwa. Tulipokushindwa tukamgeukia huyu, kwa sababu yeye hana honi."

Hapo kicheko kilitoka, kifupi, na hakikuwa kizuri kwa Zadock. Aliangalia lori, akaangalia watu, akajikuna shingo. "Wakhisi," alisema mwishowe, "kasia lako liko pale pale."

Wote wakamgeukia Nasipwondi, wakingoja alie, au amkumbatie mtu, mambo yaishe watu wakanunue omena. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama, akajikung'uta mchanga.

"Nimesikia," alisema. Kisha akasema, "Neti yangu ndogo mliikata jana. Nani ataishona?"

Dorca aliishona. Aliishona hadharani, ameketi juu ya mtumbwi uleule wa Zadock uliofunikwa, kwa sindano ya mbao ambayo mikono ya wanawake wa pale haikuizoea. Wavuvi walipita wakimtania: "Mama Oduor, ukimaliza hiyo, na suruali yangu imechanika!" Mafundo yake yalikuwa mabaya, makubwa kama mbegu za nyonyo, na mengine aliyafungua akaanza tena. Elsie alikuja akasimama kando kwa muda mrefu bila utani wowote, halafu akashika upande wa pili wa neti, akauvuta ili usilegee.

Jiwe jeupe likasogezwa. Wageni wakapanda tena kwenye nyasi, na kila mwenye sehemu akapunguza yake kidogo. Lori liliendelea kuja. Baada ya akina mama kurudi kwa wazee, mara hii wote, wa pale na waliokuja, lilisogezwa juu kidogo, siyo kwa kiasi walichotaka. Nafasi bado ilikuwa haba. Bado waligombana, lakini waligombana kama watu wanaoonana.

Bakuli la mrenda halikurudi. Nasipwondi alimsalimia Dorca kila asubuhi, kwa heshima zote, "Habari ya asubuhi, Mama Oduor," akapita.

Mvua za mwaka zilikuwa zikielekea kuisha siku Dorca alipokwenda tena kinuni. Alikuwa kwenye mteremko ule ule, unga kichwani, upepo ulipobadilika. Wingu lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na haraka. Akatazama chini. Uwanjani alikuwako Nasipwondi peke yake.

Alimwona akisimama katikati ya neti. Alimwona akitazama mbinguni, kisha akiitazama omena iliyo kando ya jiwe jeupe, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Dorca alitaka kumpigia kelele kwamba okota, mwanangu, okota tu, lakini upepo ulikuwa ukimjia usoni, na mdomo wake kwenye njia ile ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Halafu Nasipwondi akageuka upande wa vibanda. Akainua mikono yote miwili juu, mitupu, ionekane, na sauti yake ikaja wazi mpaka mlimani:

"Jamani, tokeni mnione! Tokeni mshuhudie! Mimi Nasipwondi naishika omena ya Mama Oduor, hayuko, mvua inakuja!"

Milango ya mabati ikalia. Wanawake watatu wanne wakatoka, wakasimama kumtazama. Hapo ndipo alipoinama akaanza kuzoa.

Dorca alikaa chini pale njiani, debe la unga mapajani, akaacha mvua imkute.